Pikipiki ya Mtoto Inapovikwa Vipuri vya Mashindano

Ukurasa huu wa mambo ya nyumbani umezoea kuzungumzia cherehani, majiko ya mafuta ya taa na baiskeli ya baba. Juma hili zamu ni ya chombo ambacho katika nyumba nyingi za Marekani na Japani kiliingia kama kitu cha kuchezea watoto, kisha kikageuka kuwa kazi ya karakana, mzigo wa mfuko, na mara nyingine sababu ya safari ya hospitali. Chombo hicho ni pikipiki ndogo, yenye kiti kisichofika kiuno cha mtu mzima na magurudumu ya inchi 10, ambayo huko kwao huitwa pitibaiki.

Jina hilo lilitokana na kazi. Katika viwanja vya mashindano ya magari na pikipiki huwapo mahali maalumu ambapo mafundi hutengeneza vyombo kabla ya mbio na baada yake. Mahali hapo ni papana, na fundi aliyetumwa spana au debe la petroli aghalabu hulazimika kwenda mwendo mrefu kwa miguu. Pikipiki ndogo ilimwondolea udhia huo. Haikuwa na haja ya nguvu wala mbio. Ilitakiwa iwake upesi na itoshe kubebwa pamoja na mizigo mingine nyuma ya gari.

Asili ya pikipiki zenyewe ni kongwe kuliko jina hilo. Mwaka 1961 kampuni ya Honda ilitengeneza kipikipiki kiitwacho Z100 kwa ajili ya bustani ya michezo ya Tama Tech, karibu na Tokyo, ili watu wakipande kwa kujifurahisha. Mtu mzima aliyekikalia alilazimika kukunja magoti hadi karibu na usukani, akafanana na nyani aliyepanda tawi dogo, na jina la nyani likabaki kwa ukoo mzima hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ukoo huo ulivuka bahari ukaingia Marekani. Mwaka 1979 ikatoka Z50R, iliyokuwa ya kuchezea mashambani tu. Mwaka 2000 ikafuatwa na XR50R, na mwaka 2004 na CRF50F.

Msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya ughaibuni tu. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka Honda hamsini, pikipiki ya walimu, mabwana shamba na makatekista, yenye silinda iliyolala kuelekea mbele na klachi isiyohitaji mkono. Injini ya pikipiki hizi za watoto ni ndugu wa damu wa injini ile. Fundi aliyewahi kufungua Honda hamsini chini ya mwembe, akasafisha kabureta kwa petroli na kurekebisha valvu, angeifungua CRF50F bila kuuliza njia.

Watu wazima wanyang'anya watoto

Mnamo mwaka 2000 na miaka iliyofuata, kusini mwa California, vijana mabingwa wa mbio za pikipiki za vumbi waliona furaha ya ajabu katika kupanda pikipiki za watoto nyuma ya nyumba zao. Waliruka nazo vichuguu, wakashindana kuzunguka miti, na kama ilivyotarajiwa, wakazivunja. Usukani ulipinda, fremu zikapasuka, springi za mbele zikalala zisiamke. Palipo na uvunjaji hapakosi mtengenezaji. Karakana kadhaa zikaanza kufua vipuri imara zaidi ya vile vya kiwandani. Miongoni mwao ni BBR Motorsports ya jimbo la Washington. Japani, kampuni za Takegawa na Kitaco nazo zikawa na vipuri vya kuongezea nguvu injini za ukoo huo. Hata mjini Las Vegas, katika miaka hiyo ya 2000, yalifanyika mashindano ya ukumbini ambamo watu wazima walishindana juu ya vipikipiki hivyo mbele ya halaiki. Baadaye viwanda vya China, kama Lifan cha Chongqing, vikatoa injini nzima za umbo lile lile, zilizo kubwa mara mbili na zaidi, zinazofungwa kwa boliti katika mahali pale pale pa injini ya zamani.

Yote hayo ni ya kupendeza kuyasimulia. Lakini katika kitabu cha maelekezo cha CRF50F yumo mtu ambaye pikipiki ile ilibuniwa kwa ajili yake, na mtu huyo hapaswi kuzidi kilo 40. Huyo ni mtoto. Breki zake, springi zake, fremu yake na hata unene wa vikanyagio vyake vilipimwa kwa mwili wa mtoto huyo, akienda kwa mwendo wa mtoto. Kijana wa kilo 80 anapoketi juu yake, kila kipuri kimekwisha kubebeshwa mzigo maradufu kabla hajaikanyaga kiki.

Ndipo huanza kosa ambalo mafundi wa huko wanalifahamu vyema. Kijana huanza na kinachosukuma, akakiacha kinachoshika.

Kazi ya injini

Kwa kawaida kipuri cha kwanza kununuliwa ni bomba la moshi. Lina sura nzuri, hufungwa kwa boliti chache, na sauti yake husikika mtaa wa pili. Faida yake kwa injini ya sentimita za ujazo 49 ni ndogo sana likiwa peke yake. Isitoshe, bomba la kiwandani lina wavu wa kuzuia cheche zisitoke nje, na mabomba mengi ya mashindano hayana. Katika misitu ya serikali ya Marekani wavu huo ni sharti la sheria, kwa maana cheche moja katika nyasi kavu yaweza kuteketeza kilima kizima. California pia imeweka kikomo cha kelele cha desibeli 96 kwa pikipiki za aina hiyo zilizotengenezwa tangu mwaka 1986. Majirani, ambao hawana kipimo cha desibeli, huweka kikomo chao wenyewe kilicho chini zaidi.

Baada ya bomba hufuata kabureta pana na chujio la hewa lililo wazi. Hapa yafaa kueleza kidogo, kwa kuwa hapa ndipo injini nyingi hufia. Injini huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli. Ikipewa njia pana ya kuvutia hewa na njia pana ya kutolea moshi, bila kuongezewa petroli, mchanganyiko huwa mwepesi mno. Mchanganyiko mwepesi huunguza kwa joto kali, na katika joto hilo pistoni ya aluminiamu huweza kulainika, kukwama, hata kutoboka katikati kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Dawa yake ni kubadili jeti, yaani kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba kinachopima petroli ndani ya kabureta. Fundi huweka jeti yenye tundu kubwa kidogo, huikimbiza pikipiki kwa mafuta yote, huizima ghafla bila kuiachia ingurume bure, kisha huifungua plagi na kuitazama. Plagi ya rangi ya kahawia, mfano wa kahawa yenye maziwa, ni habari njema. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Kazi hii hurudiwa mara tatu au nne, na haina njia ya mkato. Nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, jeti iliyofaa pwani huwa kubwa mno, na anayehama na pikipiki yake huanza upya.

Kisha hufika siku ya silinda. Injini ya CRF50F ina silinda yenye kipenyo cha milimita 39, na pistoni husafiri milimita 41.4. Mwendo huo wa pistoni ukiachwa kama ulivyo, na silinda ikabadilishwa kwa nyingine yenye kipenyo cha milimita 52, ujazo hupanda kutoka 49 hadi karibu 88. Anayetaka kuhakikisha achukue kalamu: nusu ya kipenyo izidishwe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa mwendo wa pistoni. Ataona kwamba milimita 13 za upana, ambazo machoni ni kitu kidogo, zimekaribia kuirudufu injini. Vipuri hivyo huja katika sanduku moja: silinda, pistoni, ringi, gasketi, na mara nyingi silinda hedi yenye valvu pana na kamshafti inayozifungua kwa muda mrefu zaidi.

Kazi ya kuvifunga si ngumu kwa mtu mwenye subira. Ringi ziwekwe ili nafasi zake zisikae mstari mmoja. Gasketi ya zamani ikwanguliwe bila kukwaruza chuma. Nati za silinda hedi zikazwe kwa zamu, moja huku na ya pili upande wa pili, kwa spana ya kupimia mkazo, wala si kwa nguvu za bega. Nafasi ya valvu ipimwe injini ikiwa baridi. Kwa injini ya kiwandani ya CRF50F nafasi hiyo ni milimita 0.05, na kwa silinda hedi mpya hufuatwa karatasi ya aliyeitengeneza. Safari za kwanza ziwe za upole, oili imwagwe mapema, na iangaliwe kama ina vumbi la chuma. Injini hii hubeba oili isiyofika lita moja. Oili kidogo hiyo sasa inapoza moto mkubwa zaidi, basi inastahili kubadilishwa mara nyingi kuliko zamani. Tena, pistoni na silinda hedi za mashindano aghalabu hubana mchanganyiko kwa nguvu zaidi, na petroli hafifu hulipuka ndani kabla ya wakati wake. Mlio wa kugongagonga unaosikika pikipiki ikipanda mlima ndio huo. Aliyenunua silinda ya bei kubwa akaweka petroli ya bei ndogo hajaokoa kitu.

Nguvu ikishapatikana, klachi hulalamika. Klachi ya asili hushika yenyewe injini inapoongeza kasi, nayo ilipimwa kwa nguvu ndogo. Sasa huteleza, injini ikapiga kelele ilhali gurudumu halina habari. Hununuliwa springi ngumu za klachi, au klachi nzima ya mkono. Mnyororo nao hubadilishiwa meno. Pikipiki yenye meno 14 mbele na 37 nyuma, ikiwekewa 15 mbele, hupata mwendo wa juu ulioongezeka kama asilimia 7, mradi injini iwe na nguvu ya kuuvuta. Lakini huondoka kwa uzito zaidi mlimani. Hivyo kipuri kimoja huzaa kingine, na mama wa nyumba aliyeidhinisha fedha za bomba la moshi hushangaa kuona risiti ya sita.

Kinachoshika

Sasa na ichukuliwe mfano wa pikipiki iliyopewa vyote hivyo na kuachiwa breki zake za awali. Breki hizo ni za ngoma, mbele na nyuma, viatu vidogo vinavyosukuma ukuta mdogo. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 60, nguvu inayopaswa kumezwa na breki haipandi kwa nusu tu. Hupanda zaidi ya mara mbili, kwa kuwa hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Uzito wa mpandaji nao ukiwa mara mbili ya ule wa mtoto, viatu vile vimetupiwa kazi isiyo yao. Hupata moto, hupoteza mshiko, na ukuta wa jirani haurudi nyuma.

Tena kuna fremu. Katika pikipiki hizi injini imening'inizwa chini ya fremu, na hakuna bomba linalopita chini yake kuibeba. La ajabu zaidi, vikanyagio vya miguu vimefungwa kwa boliti chini ya injini yenyewe. Kwa mtoto, jambo hilo halina madhara. Lakini kijana mzito akiruka kichuguu na kutua akiwa amesimama, uzito wake wote hupigwa juu ya ganda la injini, ambalo ni la aluminiamu. Limewahi kupasuka mara nyingi, oili ikamwagika chini pamoja na fedha zote zilizotumika juu. Ndiyo sababu kipuri ambacho wajuzi hukitaja kabla ya silinda yoyote ni kile kitanda cha chuma kinachozunguka chini ya injini na kufungwa kwenye fremu, ili vikanyagio vipate mahali pa kweli pa kuegemea. Hakina sauti wala hakimfanyi mtu apite wenzake, kwa hiyo vijana hukiona cha mwisho.

Pamoja nacho hutangulia springi ngumu za foki za mbele, shokapu ya nyuma inayolingana na uzito wa mpandaji, na usukani mrefu unaomwezesha mtu mzima kukunja magoti bila kuyagonga. Magurudumu ya inchi 10 huzama katika kila shimo, na wengine huweka la inchi 12 mbele. Mwenye uwezo huweka breki ya diski mbele, lakini hiyo huvuta nyuma yake kitovu kipya cha gurudumu na pengine foki mpya. Asiye na uwezo huo anaweza kufanya mengi kwa fedha kidogo: viatu vipya vya breki, ngoma iliyosafishwa, waya mpya uliopakwa oili na kurekebishwa ili breki ishike mapema. Fundi mwenye busara humwambia mteja maneno hayo na hupoteza biashara ya siku hiyo. Mteja huenda kwa fundi mwingine mwenye bomba linalong'aa dirishani.

Mtoto bado anaijua kuwa ni yake

Liko jambo moja ambalo katika mazungumzo ya silinda na kabureta husahaulika kabisa, nalo ndilo la nyumbani hasa. Kwenye kishikio cha mafuta cha CRF50F kiwanda kimeweka skrubu ndogo. Mzazi akiikaza, mafuta hayafunguki hadi mwisho, na mtoto anayejifunza hawezi kupita mwendo uliokusudiwa na mzazi wake. Kadiri mtoto anavyopata ustadi, skrubu hulegezwa kidogo kidogo. Hicho ni kifaa cha malezi kuliko cha ufundi. Kaka mkubwa anapoichukua pikipiki kuitia vipuri vya mashindano, skrubu hiyo hulegezwa mara moja hadi mwisho, au huondoka pamoja na kishikio kizima kinapowekwa kingine cha haraka.

Kaka huimaliza kazi yake jioni, huiegemeza pikipiki ukutani, na kwenda kunawa. Rangi ya pikipiki ni ile ile. Kiti kimeongezwa unene kidogo tu. Mdogo wake wa miaka saba, aliyeipanda tangu mwaka juzi, anajua kukanyaga kiki, anajua gia zake tatu, na anaijua kuwa ni yake. Hajui kwamba mkunjo ule ule wa kiganja, uliompeleka polepole hadi kwenye mti na kurudi, sasa utamwinulia gurudumu la mbele. Mtoto wa kilo 25 juu ya injini ya ujazo wa 88 hana hata muda wa kuogopa.

Kwa hiyo nyumba iliyokubali kuibadili pikipiki yapasa kukubali pia kwamba mtoto ameipoteza, na aambiwe hivyo waziwazi mchana, mbele ya pikipiki yenyewe, si kwa kufichwa. Ufunguo uondolewe na kuwekwa mahali pa juu, na kwa zile za zamani zisizo na ufunguo, waya wa plagi uchomolewe kila jioni. Helmeti ya mtoto isimpe mtu mzima kisingizio. Kaka anunue yake, pamoja na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, kabla ya kununua hata gasketi. Wala pikipiki hii isitolewe barabarani. Huko Marekani CRF50F haikuuzwa kwa ajili ya barabara, haina taa wala vioo, na urefu wake haufiki kwenye dirisha la dereva wa lori.

Vipuri vya awali visitupwe wala kugawiwa. Kabureta ya zamani, jeti zake, silinda ya milimita 39 na pistoni yake, springi laini za mbele na kishikio cha mafuta chenye ile skrubu vipakwe oili, vifungwe kwa kitambaa, na kuwekwa ndani ya sanduku lenye maandishi yanayosomeka. Kaka atachoka na mchezo, au ataoa, au ataipenda pikipiki kubwa. Wakati huo pengine kutakuwa na mtoto mwingine wa kilo 20 na kitu anayezunguka karakana akiuliza kila chuma kinaitwaje, na kazi ya kuirudisha pikipiki ilivyokuwa itachukua siku moja tu, skrubu ikikazwa mwisho wa yote.